Walipomwomba awafungulie geti: Janani Luwum, barua ya Februari 1977, na sahihi ambayo sijaiweka

Katibu Asiyelipwa

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Nina barua mezani tangu Jumanne. Kurasa mbili, chini yake mistari tisa ya sahihi. Minne imejaa. Wa tano ni wangu na uko wazi. Siwaambii ni parishi gani wala dayosisi gani, na anayedhani ananijua anyamaze. Itoshe kusema ni hesabu za jengo: mabati yaliyonunuliwa mara mbili kwenye karatasi na mara moja kwenye paa. Kwenye chai baada ya ibada tulikuwa wazee tisa na sauti zilikuwa kubwa, utadhani tunapindua nchi. Barua ilipofika tukabaki wanne na nusu. Mmoja kapata msiba wa ghafla kijijini, mwingine malaria, mwingine kasema ataomba kwanza, na huyo kuomba kwake tunakujua.

Nusu ni mimi.

Nikakosa usingizi, nikarudi kusoma habari za Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Jina lake nimelisikia tangu utoto kwa babu. Babu alisoma Alliance Secondary hapa Dodoma, hiyo iliyokuja kuitwa Mazengo na leo ni Chuo Kikuu cha St John's, enzi zile Festo Kivengere alipokuwa mwalimu pale, kabla ya uaskofu. Kwa hiyo nyumbani kwetu mambo ya maaskofu wa Uganda yalisimuliwa kama habari za majirani.

Kwa wasiojua: Luwum alikuwa Mwacholi wa Mucwini, Kitgum, amezaliwa 1922. Mwalimu wa shule. Aliokoka Januari 1948, katika ule Uamsho wa Afrika Mashariki ambao wazee wetu waliuishi kwa kuungama hadharani na kuimba Tukutendereza. Akawa kasisi, akawa askofu wa kaskazini mwa Uganda mwaka 1969, na 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Amin alikuwa ameshika nchi tangu Januari 1971. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikuwa ameshachukuliwa mwaka 1972 asirudi. Kwa hiyo Luwum hakukalia kiti kile kwa bahati mbaya. Alijua ni kiti cha namna gani.

Sasa kilichoninyima usingizi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, kama saa saba na nusu hivi, mbwa wanabweka nyumbani kwake Namirembe, Kampala. Uzio umevunjwa. Mlangoni yupo mtu anayemfahamu, ameumizwa, anaomba afunguliwe. Luwum anafungua akidhani ni mtu wa kusaidiwa. Nyuma ya yule mtu wanatokea askari. Wanamwekea bunduki tumboni, wanataka silaha. Wanapekua nyumba nzima, vyumba walimolala watoto, mpaka stoo ya chakula, wanabonyezabonyeza magunia ya ufuta na karanga wakitafuta bunduki. Hawakupata kitu.

Walipomaliza wakaomba wafunguliwe geti.

Mkewe, Mama Mary, akasema watoke walikoingilia. Luwum akasema hapana, sisi ni Wakristo, mioyo yetu ni safi, tuwafungulie, uwe ushuhuda kwao. Akawafungulia.

Nimekaa na geti hilo siku tatu. Mtu aliyefungua geti hivyo, siku tano baadaye yeye na maaskofu wenzake wanamwandikia rais wa nchi barua. Wanamwambia kwamba bunduki iliyogusa tumbo la Askofu Mkuu, na iliyopekua nyumba za Askofu wa Bukedi, imeelekezwa kwa kila Mkristo katika Kanisa. Na si barua ya matusi. Ina heshima zote za barua ya kiserikali. Lakini haina mahali inapopinda.

Tarehe 16 mwezi huohuo ameshakufa.

Naomba mnisaidie: mtu anafikaje pale? Na msiniambie "neema" tu, mimi ni katibu, nataka hatua.

---

Jiwe la Pembeni

Mtumishi, umeandika vizuri ila unachanganya vitu viwili. Luwum alishughulika na dikteta. Wewe unashughulika na mpakwa mafuta wa Bwana. "Msiwaguse masihi wangu," Zaburi 105. Na Warumi 13 inajulikana. Kuna wengi walianza na barua za mabati wakaishia kuanzisha kanisa lao chini ya mwembe. Peleka jambo kwa Mungu kwenye maombi, Yeye hana haja ya sahihi.

---

Tumbili wa Bonde

Naweka kambi hapa, nitarudi na kahawa.

Ila mkuu, swali dogo. Hao wanne waliosaini, hakuna anayeutaka uhazini?

---

Katibu Asiyelipwa

@Tumbili, umepiga penyewe. Yupo mmoja, na sote tunajua. Amepima hadi kiti. Lakini paa haliongezeki mabati kwa sababu aliyeyahesabu ana tamaa.

@Jiwe la Pembeni, hilo la masihi ndilo tulilojibiwa kikaoni, neno kwa neno. Nikarudi kusoma alivyolitumia Daudi mwenyewe, 1 Samweli 24. Sauli yuko ndani ya pango, Daudi anaweza kummaliza. Hakumgusa, sawa. Lakini alikata upindo wa vazi, akatoka nje, akapaza sauti mbele ya jeshi zima: tazama kitambaa hiki mkononi mwangu. Yaani kutomgusa masihi na kumwonyesha ushahidi vilikwenda pamoja siku ileile. Na miaka baadaye, masihi akiwa ni Daudi mwenyewe, nabii Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hakuna mahali Daudi alijibu "usiniguse".

Kuhusu kuomba: Luwum aliomba pia. Halafu akaandika.

---

Kololo77

Niko Kampala, nisameheni Kiswahili changu. Na hilo nianze nalo, maana huko kwenu Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ibada. Hapa kwetu, kwa wazee wengi wa Buganda, kilikuwa lugha ya jeshi. Mama yangu hadi leo akisikia mwanaume anaongea Kiswahili kwa sauti nje ya nyumba usiku, anazima taa. Ukielewa hilo utaelewa geti la Namirembe vizuri zaidi.

Nataka kuongeza kitu ambacho mahubiri ya kila Februari hukiruka. Luwum alilaumiwa. Kuna Wakristo waliosema yuko karibu mno na Amin, anaonekana naye kwenye shughuli za serikali. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alichofanya ni kwenda yeye mwenyewe kwenye ofisi za wale watu wa usalama, State Research Bureau, mahali ambapo watu walikuwa wanaingizwa ndani ya buti la gari, kuuliza: fulani bin fulani yuko wapi? Mtu mmoja mmoja, kwa jina. Hiyo haipigwi picha. Mwaka 1976 akawa mwenyekiti wa kikao cha viongozi wa Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu kuzungumzia hali ya nchi. Amin alichukia sana kikao kile.

(Na mtu asije hapa kugeuza uzi huu kuwa wa Uislamu na Ukristo. Waislamu walikuwa kwenye kikao kile, na Waislamu pia waliuawa.)

Tarehe 16 maaskofu waliitwa Nile Mansions, hoteli hapa Kampala. Silaha zimepangwa uwanjani, askari wengi, inasomwa karatasi ya kumhusisha Luwum na njama za kumrudisha Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Askari wanaulizwa wafanywe nini hawa, wanapiga kelele wauawe. Baadaye maaskofu wanaambiwa waende nyumbani, yeye anabakizwa. Asubuhi redio inasema amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, eti walimvamia dereva. Mwili ulipelekwa Mucwini uzikwe harakaharaka. Waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa tayari. Likabaki tupu. Jumapili ya tarehe 20 watu walifika kwa maelfu ingawa hapakutakiwa ibada ya kumwombea, wakasimama kando ya shimo lile, na maneno yaliyokuja ni yale ya malaika: "Hayupo hapa, kwani amefufuka."

Mimi sikuwepo, nilizaliwa 1981. Lakini aliyenisimulia alikuwepo, na kila akifika hapo hunyamaza kidogo.

---

Mama Furaha

Wanaume mnapenda hadithi za risasi. Nimesoma yote nasubiri mtu aniambie Mama Mary alilala wapi usiku wa tarehe 16. Familia ilibidi ikimbilie Kenya. Hilo mnaliweka mstari mmoja.

Mume wangu alikuwa mwalimu kwenye shule ya kanisa, siitaji. Aliuliza kwenye kikao kwa nini ada za watoto yatima zilizotumwa na wafadhili zinatozwa tena kwa walezi. Aliuliza kwa adabu, hata koti alivaa. Wiki ya kwanza simu zilikuwa haziishi, "mwalimu umesema kweli, tuko nyuma yako." Nyuma kweli, maana hakuna aliyekuja mbele. Mwezi wa tatu mkataba haukuongezwa. Mwezi wa tano watu walianza kuvuka barabara wakituona. Hakuna aliyetuchukia. Walituonea aibu, na aibu ya watu ni nzito kuliko chuki, chuki angalau inakusalimia.

Alipata kazi nyingine baada ya mwaka na nusu. Simlaumu, na angeniuliza leo ningemwambia tena uliza. Lakini ewe Katibu, kabla hujatia sahihi ya tano ujue ina mke ndani yake, na ada, na mama mkwe atakayesema nilijua tu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, sawa. Duka la Mangi halikopeshi kwa mapenzi hayo.

---

Eldy wa Zamani

Salamu kutoka Uasin Gishu. Huku kwetu ukitaja mambo haya lazima umtaje Alexander Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret. Watu husahau huyu jamaa alikuwa GSU kabla ya kuwa mhubiri, yaani polisi wa fujo. Kwa hivyo alikuwa anaijua serikali kutoka ndani ya buti.

Yeye si kama Luwum. Muge alikuwa anapasua. Unyakuzi wa ardhi alisema. Kura ya mlolongo, ile ya kupanga laini nyuma ya mgombea mchana kweupe, alisema. Agosti 1990 waziri Peter Okondo akatangaza kwamba Muge na askofu mwenzake Henry Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wazima. Muge akajibu hadharani kwamba atakwenda, na kwamba damu yake isiyo na hatia itamwandama huyo waziri. Tarehe 14 akaenda. Akaongoza ibada, akasalimia watu, akaanza safari ya kurudi. Karibu na Kipkaren gari lake likagongana na lori. Basi.

Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alifungwa na akafia jela. Mengine kila mtu Eldoret ana maoni yake na mimi yangu naweka.

Ninachotaka kusema: Kampala wanasema ajali, Kipkaren wanasema ajali. Barabara zetu zimebebeshwa mengi.

---

Kivu Yetu

Mimi ni mtu wa Bukavu, Kongo. Mutie na jina la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjezwiti. Oktoba 1996 vita ilikuwa inaingia mjini, wakubwa wa serikali na wa jeshi walikimbia, yeye akabaki na watu. Tarehe 29 wakamwua barabarani. Alikuwa anasema wazi juu ya wakimbizi, na hilo halikupendeza upande wowote. Ni hilo tu, sina mengi.

---

Jiwe la Pembeni

Nimesoma majibu, sikasiriki. Hoja ya upindo wa vazi nimeipokea, nilikuwa sijaiona hivyo. Lakini mbona hamumtaji aliyekimbia? Kivengere alikuwepo Nile Mansions, alisaini barua, na siku chache baadaye akavuka milima na mkewe usiku kuingia Rwanda. Kama ujasiri ni kubaki, yeye tumweke wapi?

---

Katibu Asiyelipwa

@Jiwe, asante, hili ndilo swali la babu. Alikuwa anaulizwa na wajukuu, mwalimu wako alikimbia? Na yeye anajibu: Bwana Yesu mwenyewe alisema wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine, sasa wewe unataka kuwa jasiri kumzidi Bwana?

Ila mimi naona zaidi ya hapo. Wiki mbili na ushee kabla ya kifo cha Luwum, tarehe 30 Januari, Kivengere alihubiri Bushenyi kwenye kuwekwa wakfu kwa askofu mpya. Umati mkubwa, wakubwa wa serikali wamekaa mbele, na yeye anawaambia kwamba uhai wa mtu ni wa thamani na mamlaka waliyopewa si ya kuuponda. Aliyasema akiwa anawatazama. Mtu huyo siwezi kumwita mwoga kwa sababu alipanda mlima.

Na huko ughaibuni alifanya jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko Bushenyi. Akiwa kanisani London, Ijumaa Kuu, akisikiliza "Baba, uwasamehe," alijikuta anamchukia Amin na kwamba chuki ile inamla yeye. Akaungama. Mwaka huohuo akatoa kitabu, na jina lake ni *Nampenda Idi Amin*. Hebu fikiri Waganda waliopoteza ndugu walivyolipokea jina hilo. Kuna waliokasirika, na nawaelewa. Mimi mwenyewe siwezi kumpenda mhazini wetu, ambaye kosa lake ni mabati.

Alirudi Uganda 1979 baada ya vijana wetu na Waganda wenzao kumtoa Amin. Aliyemrithi Luwum wakati ule wa katikati, Silvanus Wani, alikuwa Mkakwa, kabila moja na Amin. Sijawahi kusikia mahubiri hata moja juu ya Wani, na nahisi kiti chake ndicho kilichokuwa cha moto kuliko vyote: mauti ya mtangulizi wako mbele yako, muuaji ni mtu wa kwenu, na kila Jumapili unapaswa kupanda madhabahuni.

@Mama Furaha, nimekusoma mara tatu. Niseme ukweli ambao sikuuweka kwenye bandiko la kwanza. Wazee wa Uamsho waliita kutembea nuruni, basi nitembee. Binti yangu wa pili anasoma shule ya dayosisi kwa nusu ada. Nusu hiyo aliipitisha mtu ambaye jina lake limo kwenye barua, aya ya tatu. Hakuna aliyenitishia. Juzi tu tulipokutana alinishika mkono muda mrefu kidogo, akauliza, "Binti anaendeleaje?"

Ndiyo maana mstari wa tano uko wazi. Sina malaria wala msiba.

---

Kololo77

Sasa tunaongea.

Mkuu, uliomba hatua. Mimi nikiangalia yale ya Luwum sioni siku moja aliyoamua kuwa shujaa. Naona ofisi za usalama alizoingia kumuulizia mtu. Naona kikao cha 1976. Hadi barua inaandikwa, mkono ulikuwa umezoea. Halafu barua ile haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya maaskofu. Walimuua yeye, lakini barua wasingeweza kusema ni ya kichaa mmoja.

Siku hizi 16 Februari ni sikukuu ya taifa hapa, watu wanapanda mabasi kwenda Mucwini, wengine kwa miguu siku kadhaa. Sanamu yake iko mbele ya Westminster Abbey, London, tangu 1998, pamoja na mashahidi wengine kama Romero na Bonhoeffer na King. Wanasiasa wanakaa viti vya mbele na kumsifu. Nikiwaona huwa najiuliza ni wangapi wangepokea barua kama ile leo wakaisoma hadi mwisho.

---

Tumbili wa Bonde

Kahawa imeisha na nimeshindwa kuleta mzaha. Mkuu, ada ya binti nusu iliyobaki ni kiasi gani kwa muhula? Sema tu, kuna watu humu.

---

Katibu Asiyelipwa

Asante, ila hapana. Nikichangiwa humu kesho watasema nilinunuliwa na mtandao. Nina mbuzi.

---

Mama Furaha

Sikutaka kukukatisha tamaa, baba. Nilitaka uhesabu kwanza. Sasa umehesabu. Mkeo anasemaje?

---

Katibu Asiyelipwa

Amesoma uzi wote, kakaa na simu yangu tangu jioni, hadi za Tumbili kasoma. Kuhusu Luwum amesema Askofu Mkuu ana nafasi yake, ila yeye yuko upande wa Mama Mary: waliovunja uzio watokee kwenye uzio.

Halafu akaniuliza barua inapelekwa Jumamosi saa ngapi, maana gari la saa mbili hujaa mapema.